Aya Uliyoikata Katikati

Kaka yangu mpenzi,

Amani ya Mwenyezi Mungu ikufikie hapo ulipo, wewe, wifi yangu na watoto. Nakujulia hali kwanza, kwa sababu hata ndugu walionuniana huanza kwa kujuliana hali, na tukiliacha hilo sijui tutakuwa tumebaki na nini. Koo lako linaendeleaje? Nilisikia limekusumbua baada ya mihadhara ya mwezi uliopita. Kunywa maji ya uvuguvugu, na usishindane na kipaza sauti. Kupiga kelele ndiyo kazi yake. Wewe kazi yako ni nyingine.

Sisi huku tunashukuru. Shemeji yako bado ni fundi bomba na bado maneno kwake ni ya kununua. Juzi alirudi kazini amelowa chapachapa, kofia hadi viatu, nikamuuliza kumetokea nini, akajibu, "Maji," akaenda kubadilisha nguo. Wanangu wanasoma. Mkubwa anaiga kisomo chako mbele ya kioo akidhani hatumsikii. Mama yupo. Habari zake nitakupa huko mbele, na nakuomba usiruke mistari kuzitafuta.

Ujumbe wako wa sauti ulinifika. Uliutuma kwenye kundi la familia, kwa hiyo ulitufikia sote, pamoja na shangazi ambaye masikio hayamsaidii sana, akawa anauliza kila mtu ni nani amefariki. Umesema niwaombe radhi wanakamati wa msikiti, nikabidhi ufunguo wa ukumbi, na niache kufundisha tafsiri mpaka nijirekebishe. La sivyo utakuja mwenyewe, upande mimbari siku ya Ijumaa na kunikana mbele ya watu. Sikukujibu kwa sauti. Tangu utotoni sijawahi kukushinda kwa sauti. Nimeona nikuandikie, maana barua haikatizwi. Na nitaanzia mwanzo, kwa sababu nina hakika waliokupelekea habari walikuanzishia katikati.

Unalikumbuka kanisa lililo nyuma ya karakana ya viatu, lile lenye mabati mekundu. Dhoruba ilipita mchana mmoja, ikalifunua paa lake kama mtu anavyofungua kopo la maziwa. Ukuta wa upande wa barabarani ukainama. Mhandisi wa manispaa akaja, akatazama, akachora alama kubwa ya X kwa rangi ukutani, na kuanzia hapo hakuna aliyeruhusiwa kuingia. Waumini wakafunga turubai kwenye uwanja wa karakana, katikati ya marundo ya soli na madebe ya gundi, wakawa wanasali hapo.

Jumapili moja nilikuwa natoka sokoni na kikapu changu, mvua ikanikuta mbele ya uwanja ule. Nikajibanza kwenye baraza. Nikamwona mkunga, yule aliyewapokea wanangu wote, yule ambaye Mama humwita shoga yake. Alikuwa ameshika mti wa turubai kwa mikono miwili ili usianguke, maji yanamtiririka kutoka kwenye kiganja hadi kwapani, na bado anaimba. Wazee walikuwa wameficha vitabu vyao vya nyimbo ndani ya makoti. Kinanda walikifunika blanketi la mtoto. Nilisimama pale, kaka, mkononi nina ufunguo wa ukumbi aliotujengea Baba, ukumbi wenye paa, viti na feni mbili, ambao kila Jumapili hulala mtupu.

Nilipofika nyumbani nilimkuta Mama anachambua mchele. Nikamsimulia. Akaniuliza kama ukumbi una viti. Nikasema unavyo. Akaniuliza kama una paa. Nikasema unalo. Akaendelea kuchambua mchele wake, kisha akasema, "Sasa mimi unaniuliza nini?"

Lakini mimi ni binti wa baba yangu, na unajua Baba hakuturuhusu tufanye jambo la dini kwa huruma tupu, bila dalili. Alikuwa akisema huruma isiyo na elimu ni kama maji yasiyo na chombo. Nikakaa na Msahafu, nikashusha vitabu vyake vya tafsiri kutoka juu ya kabati, vile ambavyo wewe ulisema nivichukue kwa sababu kule unakosoma utapata vilivyopigwa chapa vizuri zaidi.

Nikaanza na aya ya Sura ya Hija, ambayo Baba alitusomesha wote wawili, wewe ukiwa upande wa dirisha na mimi upande wa mlango. Mwenyezi Mungu anasema kwamba lau si Yeye kuwazuia baadhi ya watu kwa baadhi yao, zingebomolewa nyumba za watawa, na makanisa, na mahekalu ya Mayahudi, na misikiti, mahali jina lake linapotajwa kwa wingi. Baba alituuliza tumeona nini katika mpangilio ule. Mimi nilikuwa mdogo, nikasema msikiti umekuwa wa mwisho. Akacheka, akasema ndiyo, na anayetaka kuulinda wa mwisho hawezi kuyaruka yaliyotangulia. Nikasoma tena habari za ugeni wa Wakristo waliofika kwa Mtume, wakati wao wa sala ukawaingia wakiwa ndani ya msikiti wake, akawaacha wasali. Najua utasema sanadi ya habari ile ina maneno, kwamba wapokezi wake wametiliwa shaka. Ninaijua sanadi yake na ninayajua maneno yenyewe. Ndiyo maana sikujenga nyumba juu ya nguzo ile peke yake. Na wala sikutoa msikiti, nilitoa ukumbi.

Kesho yake nikaenda kwa mchungaji. Ni mwalimu mstaafu wa hesabu, mtu mwembamba anayekuna kidevu kila mara kabla ya kujibu. Nilipomweleza, alikikuna sana. Akaniambia asante, kisha akaniuliza kama nimefikiria yatakayonipata. Nikamwambia nimefikiria. Akasema kwamba hata yeye ana wazee watakaosema hawawezi kumwimbia Mungu chini ya maandishi ya Kiarabu. Nikamwambia basi tuko sawa, kila mmoja ana wake.

Kamati ikaniita ndani ya siku chache. Wewe unakijua chumba chao, kile cha juu ya sehemu ya kutawadhia, chenye saa inayokwenda mbio kuliko dunia. Mwenyekiti ni yule yule tuliyempa jina la Bwana Utaratibu, na hajaacha. Alisema utaratibu haukufuatwa. Nikamwambia ukumbi ule Baba alituachia Mama na mimi tuusimamie, haumo katika mali za msikiti. Akasema hata kama ni hivyo, upo utaratibu. Kisha akatoa simu yake, akaiweka mezani, na sauti yako ikajaa chumba kizima.

Kaka, unasoma vizuri. Sijawahi kukunyima hilo. Hata pale, mbele ya watu waliokuja kunihukumu, nywele za mikono zilinisimama. Ulikuwa unasoma mwanzo wa Sura ya Mumtahina, pale waumini wanapokatazwa kuwafanya maadui wa Mungu na maadui wao kuwa marafiki. Ukalivuta neno la mwisho, ukanyamaza. Watu wakaguna. Halafu ukaanza kufafanua, ukawataja majirani, ukawataja wafanyakazi wenzetu, ukasema anayemfungulia mlango asiyekuwa wa dini yake amejifungia mlango wa Pepo.

Nikamwomba mwenyekiti aiweke tena. Akaiweka, akidhani imeniingia. Nikamwomba mara nyingine. Kisha nikawauliza wanakamati, je, aya imekwisha? Nikawasomea iliyobaki, kwa sauti yangu hii ya kukwaruza. Aya ile ile, kabla hata haijafika mwisho wake, inataja sababu: watu hao walimfukuza Mtume na waumini katika mji wao kwa kosa la kumwamini Mola wao. Nikawauliza, mkunga amemfukuza nani? Kwaya imemfukuza nani? Muuza nyama, ambaye yumo kwenye kamati na duka lake limepakana na ukumbi, akasema kwaya itamfukuzia yeye usingizi wa Jumapili. Wakacheka wote isipokuwa mwenyekiti.

Nikawaambia zaidi. Lile neno unalolitafsiri "marafiki", Baba alitufundisha kwamba si rafiki wa kuazimana chumvi. Ni mlinzi, ni yule unayemkabidhi upanga wako na siri za vita siku ya vita. Na ukishuka aya chache tu katika sura hiyo hiyo, Mungu anasema huenda akatia mapenzi kati yenu na hao mnaowaona maadui. Kisha anasema wazi kwamba Yeye hatukatazi kuwatendea wema na uadilifu wasiotupiga vita kwa ajili ya dini wala kututoa majumbani mwetu. Kwa mujibu wa wapokezi, aya hii ilishuka kwa sababu ya mama mmoja, asiyekuwa Mwislamu, aliyemletea binti yake zawadi, na binti akakataa kumfungulia mlango mpaka aulize kwanza. Akaambiwa amfungulie. Hilo wewe unalijua. Tulilisoma kwenye mkeka mmoja.

Bwana Utaratibu akasema tafsiri ni kazi ya wanazuoni. Nikamjibu kwamba mkewe ameketi kwenye darsa langu muda mrefu, na kama haniamini mimi, amuulize yeye akifika nyumbani. Hilo halikunisaidia. Waliamua nisifundishe tena katika chumba cha wanawake msikitini. Siku iliyofuata wanafunzi wangu waliteremka ngazi wakiwa wamekumbatia misahafu vifuani, na mikeka tukaibeba mabegani, tukapita barabara nzima mchana kweupe mpaka ukumbini. Mke wa Bwana Utaratibu alikuwa wa mbele. Alikuwa amebeba mkeka mkubwa kuliko yote, na hakuna aliyemwomba.

Basi wakaanza kusali pale Jumapili. Jumapili ya kwanza ilikuwa kichekesho. Mimi nilikuwa nimesahau kufuta ubao. Bibi mmoja wa kanisani alisimama mlangoni, akakataa kuingia kwa sababu ukutani kumeandikwa maneno ya kuwafunga ndimi. Mchungaji akanitumia mtu. Nikaja mbio, nikamwonyesha kwa kidole, neno kwa neno: aliandika, waliandika, anaandika, wanaandika, andika. Bibi akayatazama kwa muda mrefu, akaniuliza, "Ni hayo tu?" Nikamwambia ni hayo tu. Akaingia, lakini akachagua kiti cha nyuma kabisa, karibu na mlango, kwa tahadhari. Mchungaji alitaka kufuta. Bibi mwenyewe akasema yaachwe, maana sasa anayajua.

Yaliyofuata ndiyo uliyoambiwa kwamba nachanganya dini. Wanawake wa kanisa walikuwa wakija Alhamisi jioni kupanga viti wakati sisi tunamaliza darsa. Siku moja mvua iliwazuia kutoka, wakakaa. Tulikuwa tunasoma Sura ya Maryam, pale uchungu wa kuzaa unapompeleka Bibi Maryam kwenye shina la mtende, naye anasema laiti angekufa kabla ya hayo. Nilikuwa naeleza maana, mkunga akainua mkono. Akauliza kama kweli imeandikwa kwamba alishika shina. Nikamwambia uchungu ulimpeleka hapo, na wafasiri wamesema ili alishikilie. Akasema kwamba mwanamke akiwa katika uchungu anahitaji kitu cha kushika, chochote, kitanda, mlango, mkono wa mtu. Akasema na maneno yale ya kutaka kufa, wanayasema wote. Kila mmoja. Akasema yeye amesoma habari za Maryam tangu utoto wake na hakuwahi kumwona akiwa peke yake namna ile, hana hata wa kumpa mkono. Alilia, na waliozaa wote mle ndani walimwelewa, na mimi nilifunga kitabu.

Tangu siku ile wakawa wanakaa. Wanauliza, tunauliza. Mchungaji naye akaomba kuja, akaniuliza juu ya aya za vita, bila kuzungukazunguka. Sikumficha. Nilimwambia zipo, na nikamweleza zilishuka kwa akina nani, wakati gani, na mipaka yake ni ipi, na kwamba wapo miongoni mwetu wanaoipuuza mipaka hiyo. Akakuna kidevu, akasema hata wao wanazo kurasa zao ambazo watu wamezifanyia ubaya. Hatukukubaliana juu ya Nabii Isa, kaka, na hatutakubaliana. Mwalimu wa kwaya alisema yake, mke wa Bwana Utaratibu akasema yetu, chai ikanywewa. Mimi sijamwambia mtu hata mmoja kwamba dini zote ni moja. Ninawaambia kwamba Kitabu chetu kinatuagiza tujadiliane nao kwa njia iliyo bora, na huwezi kujadiliana na mtu uliyemfungia nje akilowa.

Sasa nakuja kwenye Jumapili ya fujo. Wewe uliambiwa vimevunjika vioo viwili na kwamba nimekuza mambo. Nilikuwepo, nikueleze.

Walikuja asubuhi, vijana wa mitaa ya juu, wengi wao siwajui. Walikuja na mkokoteni, juu yake spika, na ndani ya spika ulikuwa wewe. Ulikuwa unasoma aya ile, unaikata pale pale, halafu maneno yako ya mlango wa Pepo, halafu inarudi mwanzo. Kwaya ilikuwa kwenye wimbo wa pili. Wanafunzi wangu walikuwa wameketi kwenye ngazi za nje, kama walivyozoea, wakisubiri majirani zao wamalize. Vijana wakasema tuondoke mlangoni. Hatukuondoka. Muuza nyama akatoka dukani na aproni yake, akasimama nasi, yule yule aliyelalamikia usingizi. Nikaanza kuisoma aya iliyobaki, kwa nguvu zangu zote, lakini spika ilikuwa na nguvu kuliko mimi. Mawe yakaanza. Vioo vikapasuka, na mtu mmoja akaumia vibaya. Walipoona damu wakatawanyika, wakauacha mkokoteni, na wewe ukaendelea kusoma peke yako barabarani mpaka shemeji yako alipong'oa waya.

Mchungaji alikuja jioni kuniambia wataondoka, kwamba hawezi kununua paa kwa damu ya watu wengine. Akajibiwa kutoka kitandani, na aliyeumia mwenyewe, kwamba wakiondoka siku ile jiwe litakuwa limehubiri kuliko wote. Wakabaki. Jumapili iliyofuata walikuja na vioo vyao wenyewe, wakavifunga.

Baada ya hapo kamati ikasema mimi ndiye niliyeleta fitina, na wewe ukautuma ujumbe wako. Jibu langu ni hili. Sitaomba radhi. Sitatoa ufunguo. Darsa langu lipo Alhamisi kama kawaida na sasa tumeongeza Jumatatu, kwa sababu wanafunzi wamezidi viti. Paa la kanisa linaezekwa, na siku likikamilika watahama kwa kuwa wana mahali pa kwenda; hawatahama kwa kuwa walifukuzwa, maana nimekuonyesha Kitabu kinawasemaje wafukuzao watu. Ukitaka kunikana, nikane. Lakini nikane kwa aya nzima. Nusu siipokei, si kutoka kwako wala kwa mtu yeyote anayepanda mimbari. Hata ungekuwa na vyeti vya kujaza ukuta, sisi sote wawili tulifundishwa na mtu mmoja, naye alikuwa akitugonga vidole tukisimama mahali pasipo na kituo.

Nimefika kwenye jambo nililokuwa nalikwepa tangu ukurasa wa kwanza.

Tulikwambia Mama aliteleza bafuni, akagonga jicho kwenye ukingo wa sinki. Ulituma fedha za matibabu, ukatuma na dua, ukamwambia avae viatu vya mpira. Hakuteleza, kaka. Mama ndiye aliyekuwa ameketi ngazi ya juu kabisa siku ile, amemshikia mkunga mkoba wake wakati mkunga yuko ndani anaimba. Jiwe lilimpata jicho la kushoto. Alipoanguka sauti yako ilikuwa inasoma. Daktari amesema jicho lile halitaona tena, na la kulia nalo lilikuwa limechoka tangu zamani, unajua.

Yeye ndiye aliyetukataza kukwambia. Alisema utalibeba hadi kaburini na halitakusaidia. Nilimtii. Kisha ukatuma ujumbe ule, nao ukafunguliwa chumbani kwake, akausikia wote, pamoja na pale unaposema nimemwaibisha yeye. Akaomba maji.

Na bado kuna moja. Kijana aliyerusha alikuja nyumbani, ameletwa na mama yake mzazi, amemshika mkono kama anampeleka shule. Ni fundi seremala, ana mke. Alipiga magoti mbele ya kitanda. Mama akamuuliza kwa nini. Akasema aliambiwa ni wajibu, na kwamba ni aya. Mama akamwambia, "Isome." Akaisoma. Kaka, aliisoma kwa sauti yako. Mavuto ni yako, kupumua ni kwako, akafika kwenye neno lile akalivuta na akanyamaza pale pale unaponyamaza wewe, kwa sababu hajui kwamba kuna mbele. Hajawahi kufungua Msahafu mahali hapo, amefungua simu. Mama aligeuza uso ukutani. Hata mimi sikuweza kumchukia. Nilimsomea iliyobaki, nikamsomea na ile ya wema na uadilifu, akaniomba nirudie, nikarudia. Akaondoka bila kusema kama amekubali au la. Hajarudi. Labda atarudi, labda hatarudi. Sikuandikii haya ili nikupambie.

Sikwambii wewe ndiye uliyerusha. Wewe ulikuwa mbali, ukinywa maji ya uvuguvugu. Ninakwambia tu ni wapi ulipokomea, na kilichotokea mahali pale ulipokomea. Jiwe lilipita hapo.

Leo asubuhi nilimwambia Mama kwamba nimeamua kukuandikia yote, na kama ni kumkaidi basi nimemkaidi. Alimaliza chai yake kwanza. Kisha akasema basi, kama umeshaamua, mpelekee na salamu zangu.

Hivyo basi pokea salamu zake. Pokea na za shemeji yako, aliyenitikisia kichwa nilipomuuliza kama ana la kuongeza, na za shangazi, ambaye tumemhakikishia hakuna aliyefariki. Mkunga naye anakusalimu. Anasema wewe pia alikupokea yeye, ndiyo kwanza anaanza kazi, na ulikuwa na sauti tangu dakika ile. Msalimie wifi na uwabusu watoto.

Mama anasema ukija usifikie msikitini, ufikie nyumbani. Hawezi tena kusoma Msahafu mwenyewe, herufi zinamkimbia. Mimi humsomea kila baada ya alfajiri, lakini ananivumilia tu, anasema mimi nilipewa kueleza na wewe ukapewa kusoma. Anataka umsomee. Ameniambia nikuandikie hili kama alivyolisema: usome polepole, na usisimame mpaka yeye akwambie usimame.

Ni mimi mdogo wako, wa tumbo moja na mkeka mmoja,

Mwalimu wa darsa la wanawake, mpaka sasa.